Nauli Moja Inakufikisha Wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu akishalipa nauli, ana haki ya kukaa ndani ya treni au basi mpaka lini? Wengine ndugu zao wametozwa ughaibuni bila kuelewa kosa lao, wengine wamechoshwa na ugomvi wa kila jioni na makonda wa hapa hapa Dar es Salaam. Karibu kila jibu lililo hapa chini linategemea kujua tiketi yako imenunua nini hasa. Kuna miji inayouza ruhusa ya kuingia getini, mingine inauza safari ya upande mmoja, na mingine inauza umbali.

Shikamooni. Mdogo wangu anakwenda kusoma Berlin. Amesikia kwamba tiketi ya huko inadumu saa mbili, na kwamba ipo treni inayouzunguka mji. Anasema siku ya kwanza atapanda, azunguke, ashuke pale pale alipopandia. Mimi nahisi kuna mtego. — Msomaji, Tabata Segerea

Marahaba. Umehisi sawa, mtego upo.

Treni anayoisema ni ya njia ya Ringbahn. Ina namba mbili, S41 inayokwenda kwa mwelekeo wa mishale ya saa na S42 inayokwenda kinyume chake. Duara lote ni kilomita 37, lina vituo 27, na mzunguko mmoja huchukua saa moja. Tiketi ya safari moja ya kanda A na B hudumu dakika 120. Ukitazama saa peke yake, anazunguka na muda unabaki. Lakini tiketi hiyo ina sharti la pili ambalo wageni wengi hawalisomi: ni ya kwenda upande mmoja, safari ya kurudi na safari ya mzunguko haziruhusiwi. Dakika 120 zimewekwa ili abiria apate nafasi ya kubadili treni, kuunganisha na basi, hata kushuka njiani anunue mkate kisha aendelee mbele.

Chukua mfano. Anapanda Südkreuz kwa S41, anapita Westkreuz, anashuka Gesundbrunnen. Hapo yuko salama. Akikaa Gesundbrunnen dakika kumi kisha akapanda S42 kurudi Südkreuz, tiketi ile imeshamaliza kazi yake ingawa muda ulioandikwa bado haujaisha. Akibaki kwenye S41 ile ile akapita Ostkreuz hadi Südkreuz alikoanzia, kosa ni lile lile.

Stesheni za huko hazina mageti, na hilo ndilo linalowaponza vijana wetu wanaodhani hakuna anayeangalia. Wakaguzi wengi huvaa nguo za kawaida, na hutoa kitambulisho milango ikishafungwa. Faini ni euro 60. Kujitetea kwamba hukujua hakupunguzi hata senti. Tena tiketi ya karatasi iliyotoka kwenye mashine bila mhuri lazima igongwe kwenye kisanduku cha mhuri kilichopo jukwaani kabla ya kupanda. Isiyogongwa huhesabiwa kama huna tiketi kabisa, hata kama umeilipia dakika tano zilizopita.

Kwa hiyo siku ya kutalii anunue tiketi ya saa 24, azunguke mpaka achoke. Akiwa na safari ya karibu ipo ya masafa mafupi, ya vituo vitatu vya treni au sita vya basi, nayo ni nafuu zaidi.

Kaka yangu yuko London. Benki imemkata nauli kubwa mara mbili kwa siku aliyopanda treni ya chini ya ardhi mara moja tu. Anaapa kwamba aligusisha kadi alipoingia na alipotoka. — Msomaji, Kigamboni

Inawezekana kabisa aliigusisha na bado akatozwa. Kule mfumo unahesabu pia muda uliotumia kati ya geti la kuingia na la kutoka. Kila safari ina muda wa juu unaotegemea idadi ya kanda unazopita. Ukipitisha muda huo, kwa mfano kwa kumsubiri rafiki jukwaani kisha kupanda treni kwenda na kurudi kwa matembezi, mfumo unaikata safari yako vipande viwili. Kipande cha kwanza kina mwanzo bila mwisho, cha pili kina mwisho bila mwanzo, na kila kimoja hutozwa nauli ya juu kabisa.

Amuulize tena benki, au aangalie mwenyewe kwenye simu, kama aliingia kwa kadi ya plastiki na kutoka kwa simu. Hata kama akaunti ni moja, mfumo unaviona kama kadi mbili tofauti, na matokeo yake ni yale yale ya safari mbili zisizokamilika. Afungue akaunti kwenye tovuti ya mamlaka ya usafiri ya London, aisajili kadi yake, aitafute safari iliyoandikwa haijakamilika, na aombe kurejeshewa. Akiwa na sababu ya kweli, kama treni kukwama, ombi lake lina msingi. Kama alikuwa akizunguka tu, nauli hiyo ni yake.

Kwa kuwa wengi huuliza: njia ya Circle ya London haizunguki tena bila kikomo. Tangu Desemba 2009 treni zake huanzia Hammersmith, huzunguka na kuishia Edgware Road. Duara lisilo na mwisho liliwasumbua hata waendeshaji, maana treni ikichelewa haikuwa na kituo cha mwisho cha kupumulia ili irudi kwenye ratiba.

Nafanya kazi Buguruni, nakaa Gongo la Mboto. Jioni magari yanapita yamejaa mpaka mlangoni, kwa hiyo napanda linaloelekea mjini na kugeuza nalo. Konda anadai nauli mara mbili. Je, ni haki yake? — Msomaji, Gongo la Mboto

Dada, ni haki yake, na tunasema hivyo tukijua adha ya kusimama Buguruni saa 12 jioni. Nauli iliyoidhinishwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ni ya safari moja kwenye ruti. Kutoka Buguruni kwenda mjini ni safari moja, na kutoka mjini hadi Gongo la Mboto ni nyingine. Kiti ulichokikalia katika safari zote mbili kingeweza kubeba watu wawili waliolipa.

Lakini haki yake ina mipaka. Anachoweza kudai ni nauli halali ya kipande cha kwanza na nauli halali ya kipande cha pili. Hakuna kitu kinachoitwa nauli ya kugeuza, na akitaja kiasi cha kubuni mwombe tiketi ya kiasi hicho uone atakavyobabaika. Pia usilipe zote mbili kwa mkupuo. Gari linaweza kufika mjini likabadilishiwa ruti, likaenda kujaza mafuta, au dereva akaamua kulaza. Ukiwa umeshalipa ya kurudi, kumdai konda anayeruka mlangoni ni kazi ngumu. Lipa ya kwanza ukiwa unakwenda, ya pili gari likishageuka na kibao cha Gongo la Mboto kikiwa bado mbele. Na ulizia kabla ya kupanda, kwa sauti, abiria wengine wakisikia: "Konda, unageuza?"

Kwenye mwendokasi, yale mabasi yenye njia zake maalumu, mambo ni tofauti, na tumepata barua mbili kuhusu hilo. Nauli unailipa kituoni kabla ya kuingia, na ukishapita geti hakuna geti jingine kati yako na basi. Mtu wa Magomeni anaweza kwenda na basi hadi Kivukoni, akabaki kitini, akarudi nalo Kimara kwa nauli ile ile. Hasara yake haionekani mfukoni mwa anayegeuza. Inaonekana Kivukoni, ambako mama mwenye mtoto mgongoni amesimama kwenye foleni na basi linafika viti vikiwa vimeshakaliwa na watu ambao hawakupanga foleni. Sisi tunaona kila basi lingepaswa kushusha watu wote kituo cha mwisho, milango ifungwe, kisha lisogee kupakia. Basi refu la mita 18 lenye milango mipana linamwaga watu haraka, na foleni ingepata maana.

Nimeona video ya watu wamelala ndani ya treni New York usiku kucha. Hakuna anayewatoza tena? — Msomaji, Sinza

Kule nauli ni moja kwa mji mzima. Unalipa getini unapoingia, hulipi kutoka, na hakuna anayehesabu umbali. Njia ya A peke yake ina urefu wa kama kilomita 50, na ukiipanda kutoka mwisho hadi mwisho ni karibu saa mbili. Treni hukimbia saa 24, isipokuwa kipindi cha corona, kuanzia Mei 2020 hadi Mei 2021, zilipofungwa usiku ili kusafishwa.

Kilichobadilika ni kituo cha mwisho. Mwezi Februari 2022 Meya Eric Adams na Gavana Kathy Hochul walitangaza mpango unaotaka kila abiria ashuke treni inapofika mwisho wa njia. Kusafisha mabehewa ni jambo la lazima, na dereva pia ana haki ya kufanya kazi akiwa salama. Ila wengi wa waliolala pale hawana pa kulala, na kumwamsha mtu saa 9 usiku kwenye baridi ya Februari bila kumwonyesha kitanda ni kumsogeza tu kutoka behewa moja hadi jingine.

Na Tokyo? — Msomaji huyo huyo

Njia ya Yamanote ni duara la kilomita 34.5 na vituo 30, kama saa moja kuzunguka. Kwenye eneo la Tokyo nauli ya treni za JR, kampuni za reli za Japani, hukokotolewa kwa njia fupi kati ya kituo ulichoingia na ulichotokea, hata ukizungukia mbali, mradi usipite kituo kimoja mara mbili. Kumaliza duara zima na kuendelea kunavunja sharti hilo.

Nilikata tiketi ya treni ya SGR, reli ya kisasa, ya Ngerengere, nikasinzia, nikazindukia Morogoro. Mkaguzi alinikasirikia kama mwizi. — Msomaji, Pugu Kajiungeni

Pole. Hasira hiyo ina chanzo. Kwa nauli za daraja la kawaida zilizotangazwa na LATRA 2024, kutoka Dar es Salaam hadi Pugu ni shilingi 1,000, Ngerengere 9,000, Morogoro 13,000 na Dodoma 31,000. Mwenye nia mbaya anaweza kukata tiketi ya Pugu na kukaa kimya mpaka Morogoro, na mkaguzi hana njia ya kuona usingizi wa kweli machoni mwako.

Ukizinduka, usisubiri akufikie. Inuka umfuate wewe, ukiwa na tiketi na kitambulisho mkononi, useme kituo ulichopitiliza. Usijifungie chooni. Kiti chenye namba yako baada ya Ngerengere huenda kimeshauzwa kwa mtu mwingine, kwa hiyo kiachie bila ubishi mwenyewe akija. Kurudi Ngerengere ni safari mpya yenye tiketi yake, na kwa kuwa si kila treni husimama hapo, ulizia dirishani kabla ya kulipa. Treni hiyo inafika kilomita 160 kwa saa. Kusinzia robo saa kunatosha kukupitisha kwa makumi ya kilomita, basi tega kengele ya simu dakika 15 kabla ya muda wa kufika ulioandikwa kwenye tiketi, na mwombe wa kiti cha jirani akugutushe.