Barua kwa mwanangu: tarehe niliyoitunga

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma juzi usiku nikashindwa kuijibu. Unaniuliza kama ubatizo wako wa utotoni unatosha, maana huko Dar unakosali sasa wanakwambia mtoto mchanga hawezi kuzaliwa mara ya pili, lazima uokoke kwanza kwa kinywa chako mwenyewe ndo uzamishwe kwenye maji mengi. Nitafika huko. Ila kwanza kuna kitu sijawahi kukuambia, wala baba yako hakijui.

Unajua kwetu Bukoba tumekulia kwenye uamsho, ule moto uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda ukatufikia Buhaya, na babu yako akaupata bado kijana. Kwa wandugu, ndivyo walivyoitana watu wa uamsho, swali lilikuwa umeokoka? Ukisema ndiyo, linafuata la pili, lini?

Mwaka 1977, mwaka uleule Askofu wetu Kibira alichaguliwa rais wa Walutheri wa dunia nzima, mimi nina miaka 16, nimetoka kupata kipaimara, nikasimama kwenye ushirika kushuhudia. Wenzangu wote walikuwa na tarehe zao. Mimi sikuwa nayo, nilikuwa nampenda Yesu tangu najitambua, tangu nabebwa mgongoni kwenda ibadani, sasa tarehe ningeitoa wapi? Nikaitunga. Nikasema Jumapili fulani ya mwezi wa tatu, saa tisa mchana, niko peke yangu migombani, Roho akanishika nikalia mpaka jioni. Wakanikumbatia, wakaimba ule wimbo wao wa Kiganda, bibi yako machozi yanamtoka. Babu yako kule upande wa wanaume kainamisha kichwa.

Njiani hakusema neno. Tumefika nyumbani, anatundika koti lake, ndo akasema, "Jumapili hiyo saa tisa tulikuwa tunamzika shangazi yako." Akaenda kulala. Hakuligusa tena mpaka tunamzika yeye, na mimi mpaka leo nikisikia mtu kanisani anataja tarehe yake ya wokovu tumbo linanikata.

Ndiyo maana nakurudia lilelile ninalokuambiaga siku zote, hakuna mtu aliyejizaa. Siku yako ya kuzaliwa unaijua kwa sababu nilikuambia mimi niliyekuzaa, wewe ulikuwa unalia tu. Mchungaji alitufundisha kwenye Yohana 3 kwamba lile neno la Kigiriki lina maana mbili, mara ya pili na kutoka juu, Nikodemo, yule mzee wa Kiyahudi aliyekuwa anaongea na Yesu, akashika ile ya kwanza tu akaanza kuuliza habari za kurudi tumboni mwa mama yake. Kumbe anaambiwa habari ya juu, ya Mungu. Yesu akamwambia upepo unavuma unakopenda. Sasa upepo unaupa tarehe?

Halafu najibishana mwenyewe, maana babu yako tarehe alikuwa nayo na haikuwa ya uongo. Sikuwepo ila nimeisikia kwake mara nyingi. Alitubu mbele ya wandugu, akashuhudia miezi mitatu mizima, na muda wote huo debe mbili za kahawa alizomwibia kaka yake, yule babu wenu wa kule juu, ziko stoo kwake. Siku moja akazibeba kichwani, moja kwanza, akarudi akabeba ya pili, mchana kweupe, akipita sokoni watu wanamuuliza unapeleka wapi na yeye anawaambia. Sasa alizaliwa siku ile alipolia au siku ya kahawa? Nilimuuliza nikiwa mkubwa. Akasema siku aliyolia. Mimi sijakubali mpaka leo. Lakini pia nani kampa nguvu ya kubeba zile debe kama hakuwa ameshazaliwa? Unaona ninavyozunguka.

Na Nikodemo huyohuyo, msome mpaka mwisho. Kaja kwa Yesu usiku, sura ya 7 anamtetea kidogo kwa wenzake wakamkemea, sura ya 19 huyo hapo na manemane na udi yapata ratli mia kwa ajili ya kumzika, wakati mitume wenyewe wamekimbia. Alizaliwa lini katikati hapo? Yohana hakuandika.

Sasa swali lako. Nilikubeba mwenyewe kwenye yale maji ukiwa na miezi miwili, na Tito 3:5 inasema kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili, sisi ndivyo tulivyofundishwa na mimi nayaamini maji yale. Jibu ninalo, mwanangu, na ulimi unaniwasha, nimeliandika hapa mara mbili nikalifuta. Wewe ni mtu mzima, utaomba utaamua.

Ukiamua kwenda kwenye maji hayo niambie mapema nikate tiketi ya basi, sitaki kusikia kwa watu. Na wakikusimamisha mbele wakakuuliza tarehe, kama huijui waambie hivyohivyo, hujui.

Mama yako