Kwa nini hakupanda juu? Namna ya kuwasikiliza watazamaji wa filamu fupi ya kutisha

Wengi mnaoanza kutengeneza filamu fupi za kutisha mnakimbilia kisa kilekile: usiku, nyumba kubwa, msichana aliyeachiwa watoto, simu inalia. Si vibaya. Kisa hicho kinafaa mfuko mdogo, maana kinataka mwigizaji mmoja, sebule moja na sauti ya mtu asiyeonekana. Tabu huanza siku ya kuionyesha. Wapo wanaopuuza kila wanachoambiwa, na wapo wanaorudi kubadilisha kila kilichosemwa, hata na shemeji aliyekuwa akichezea simu muda wote.

Angalieni yaliyowapata waliotangulia. Mwaka 1977 huko Marekani, Fred Walton na Steve Feke walitengeneza filamu fupi iitwayo The Sitter, ya dakika 20 na kitu. Msichana anabaki na watoto wa watu jioni moja, na mtu asiyemfahamu anapiga simu kumuuliza kama amewaangalia watoto. Anapiga tena na tena. Polisi wanafuatilia, kisha wanampa jibu lililowafanya watu waruke kwenye viti: simu inapigwa kutoka ndani ya nyumba hiyohiyo. Mwaka 1979 Walton alikitengeneza upya kisa hicho kikawa mwanzo wa filamu ndefu, When a Stranger Calls, msichana akiwa Carol Kane. Tangu hapo maoni ya watazamaji hayajabadilika sana: mwanzo unatisha kupita kiasi, baada ya hapo filamu inalegea.

Toleo jipya la mwaka 2006 likawa kama limeyachukua maoni hayo neno kwa neno. Likabeba zile dakika 20 za mwanzo na kuzivuta zikawa filamu nzima ya karibu saa moja na nusu. Wahakiki wakaiponda. Pesa iliingiza, tusidanganyane, lakini ile hofu iliyokuwa ikisifiwa ilipungua. Watazamaji hawakuwa wamekosea: mwanzo ulikuwa mzuri kweli. Ila uzuri wake ulitokana na ufupi. Simu ya tatu inakutoa jasho. Ya kumi na tatu unaanza kujiuliza itaisha lini. Kwa hiyo mtu akikuambia "sehemu hii nimeipenda, ungeirefusha", andika kwamba sehemu hiyo inafanya kazi, halafu usiiguse.

Swali ambalo hamtalikwepa ni hili: kwa nini hakupanda juu kuwaangalia watoto? Litaulizwa kila mahali mtakapoonyesha kisa cha aina hii, na mara nyingi kwa hasira. Msijitetee. Katika filamu ya 1979 kuna kinga ndogo, mama mwenye nyumba anaeleza kwamba watoto wamelala, wametoka kuugua mafua, wasiamshwe. Sentensi moja tu, inapita haraka, lakini bila hiyo msichana angeonekana mzembe tangu mwanzo. Mkiulizwa swali hilo na zaidi ya mtu mmoja, msiongeze tukio la dakika mbili la kueleza. Tafuteni sentensi kama hiyo na muiweke mapema, kabla mtazamaji hajaanza kushuku.

Jambo ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote ni kwamba watazamaji hawatazami filamu moja. Kwa Wamarekani, msichana huyo ni binti wa jirani anayelipwa kwa saa chache, na wengi waliwahi kuifanya kazi hiyo, hivyo wanaogopa pamoja naye. Ukiionyesha Dar es Salaam au Nairobi, mama aliyemwacha dada wa kazi na watoto ili aje kuiona anaitazama akiwa upande wa wazazi waliotoka kwenda kula. Yeye hamwogopi sana mtu wa simu. Anamchunguza msichana. Kisha yuko kijana aliyewahi kufanya kazi za ndani, naye swali lake ni jingine kabisa: wenye nyumba wakirudi, huyu atawaambia nini, na nani atamwamini? Hofu ya namna hiyo haimo katika filamu ya Walton, na nadhani ni nzito kuliko ya mtu aliyejificha ghorofani. Ukiisikia ukumbini, mtafute aliyeisema, mnunulie chai, mwache azungumze. Hiyo huenda ndiyo filamu yako ya pili.

Vijana watakuuliza kwa nini hakuangalia namba ya mpigaji. Simu ya mezani ya miaka ile haikuonyesha namba, na ili polisi wajue inatoka wapi ilibidi msichana amshikilie mpigaji kwenye mazungumzo. Hata ujanja wenyewe wa kupiga kutoka ndani ulitaka nyumba yenye laini mbili. Ukikihamishia kisa Sinza ya leo, Dar es Salaam, ambako msichana ana simu janja mkononi, usimlaumu mtazamaji kwa kukicheka. Tafuta kitisho kingine.

Kuhusu maswali: usiulize "mmeionaje?" Watakuambia hongera, nzuri sana, kwa sababu ni watu wenye adabu na wewe umesimama mbele yao. Waombe wakusimulie hadithi kama wanamsimulia mtu ambaye hakuja. Wanaporuka tukio bila kujua, hapo pamekufa. Wanapobishana nani alikuwa wapi, hapo hapaeleweki. Kaa nyuma wakati wa kuonyesha, utazame vichwa vya watu na si skrini. Kicheko kinachokuja mara tu baada ya mshtuko ni pumzi inayotoka, ni sifa. Kicheko kinachokuja kabla ya mshtuko ni balaa, maana wameshaujua, na kawaida kosa liko kwenye muziki uliowatangulia kuwaambia.

Na ukishahariri upya, usiwaite walewale waje kupima. Wanajua simu inatoka wapi, hawawezi tena kushtuka, na watakayokupa ni maoni ya watu waliokwishajua siri. Tafuta watu wengine, wasioambiwa hata kichwa cha filamu kama kichwa chenyewe kinafichua.