Bomba bado linavuja, mwenyewe hayupo

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mume wangu alitoka nyumbani asubuhi akiwa mzima. Saa nane mchana nikapigiwa simu kwamba ameanguka kazini, na nilipofika hospitali alikuwa ameshakata roho. Moyo, wakasema. Ni miezi 11 sasa. Asubuhi ile tuligombana kwa jambo la kipuuzi: bomba la jikoni lilikuwa linavuja, nami nilikuwa namkumbusha kwa mara ya nne. Akasema, "Nitalitengeneza jioni." Nikamjibu, "Wewe kila siku ni jioni." Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Bomba bado linavuja, nimelikingia ndoo. Kaka yangu alileta fundi, nikamfukuza. Wiki iliyopita kazini nilicheka hadi mbavu zikauma, halafu nikajifungia chooni nikalia, nikaona nimemsaliti. Watu wananiambia nimsahau nisonge mbele. Je, nimeanza kurukwa na akili?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, pole sana. Akili yako ni nzima.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu. Usiku mmoja alinipigia saa tano. Niliiona simu ikiwaka, nikasema moyoni nimechoka, nitampigia asubuhi. Asubuhi nikapigiwa mimi: ajali. Alichotaka kuniambia sitakijua. Huenda alitaka tu kunikopa, maana kwa hilo alikuwa bingwa. Basi kwa miaka 2 nilikuwa naichaji simu yake kila Jumapili. Naiwasha, nalitazama jina langu kwenye orodha ya aliowapigia, naizima. Mtu akiisogeza kidogo tu, namwakia. Simu ile ndiyo ndoo yako.

Anayeuguza mtu wake muda mrefu, pamoja na mateso yote, mara nyingi hupata nafasi ya kuombana radhi. Wewe hukupewa hata dakika moja, ndiyo maana ugomvi mdogo wa jikoni umegeuka kesi kubwa, na hakimu ni wewe mwenyewe. Lakini tazama unavyojihukumu: unaihukumu asubuhi kwa habari ulizozipata mchana. Ungejua, ungemfuata hadi mlangoni. Hukujua. Na jibu lake pia ulisikilize upya. Mtu anayesema "nitalitengeneza jioni" ni mtu ambaye hana shaka kwamba jioni atarudi kwako. Hakuondoka kama mtu aliyefukuzwa, mwanangu. Aliondoka kama mume aliyezoea kukumbushwa mambo ya bomba.

Kuna watakaokuhesabia zile hatua 5 za huzuni: kukana, hasira, kujadiliana, sononi, kukubali, kisha wakuulize umefika ya ngapi. Daktari Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Hakuanzia kwa wafiwa. Kwa hiyo usijilazimishe kuvaa kiatu kilichopimwa kwa mguu mwingine. Mimi kilichonifaa zaidi ni maelezo ya watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999. Wao wanasema mfiwa huenda na kurudi: mara yuko kwenye machungu yake, mara yuko kwenye shughuli za maisha mapya, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakomwezesha kubeba mzigo. Kicheko cha kazini na kilio cha chooni, vyote ndani ya robo saa, ndiyo mwendo wenyewe. Ulipocheka ulikuwa umepumua tu.

Na hao wanaosema umsahau, wengi wao hawana ubaya, wanaogopa machozi yako. Waambie humsahau mtu, na hapo pia unasonga. Mimi hadi leo namtaja mdogo wangu, namsimulia, hata kumsema namsema.

Kitu kimoja sitakificha. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, huzuni iliyopitiliza imewekwa kama tatizo la kutibiwa. Hapo panazungumzwa mtu ambaye kwa zaidi ya miezi 6 kumtamani marehemu na uchungu wake havimpi nafasi siku nenda siku rudi, hadi kazi, watoto au yeye mwenyewe vimemshinda. Wewe unakwenda kazini, unacheka, umeandika barua hii yenye mpangilio. Sikuoni huko, ingawa barua moja hainionyeshi kila kitu. Ukiona usingizi umekukimbia wiki baada ya wiki, au wazo la kumfuata linakujia, usiningoje mimi hadi toleo lijalo. Mwambie kaka yako siku hiyohiyo, akupeleke kwa daktari au mshauri nasaha.

Sasa bomba. Ulimfukuza fundi kwa sababu ahadi ile haikuwa yake. Liache hadi jioni moja utakapojisikia kuitimiza wewe. Kwa kawaida kinachokuwa kimechakaa ni kile kipira kidogo cha ndani. Kaka yako akae kando akushikie tochi, spana ushike wewe. Na funga maji kwanza. Mimi niliwahi kusahau, nikaoga na nguo zangu zote.