Afande Mstaafu Anajibu: Kwa nini mdogo wangu anarudi jela?

SWALI: Shikamoo Afande. Mdogo wangu amefungwa mara mbili kwa wizi, kwanza simu, halafu betri ya pikipiki. Alipotoka mara ya kwanza hakumaliza hata mwaka uraiani. Sasa anakaribia kutoka tena. Mama anataka tumpokee, mume wangu hataki alale kwetu. Kwani jela haimfundishi mtu?
Dada mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba, binti yangu. Jela inafundisha sana, tatizo ni walimu. Nimevaa sare ya Magereza mpaka nikastaafu, nami nimeona kijana wa simu akilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, na mtu wa unyang'anyi wa kutumia silaha kwa sababu ya msongamano. Usiku wa gerezani ni mrefu, watu wanaongea. Kijana anatoka ameshaahidiwa kazi, na si ya useremala.

Kwa betri ya pikipiki, mimi naona hata ndani asingeingia. Tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii tangu 2002. Pale ambapo kifungo hakizidi miaka 3, hakimu anaweza kumwamuru mkosaji afanye kazi ya umma mchana, usiku alale kwao. Inatumika kidogo mno. Lakini hilo limeshapita, tuzungumze anavyotoka.

Nimewafungulia geti wengi. Mtu anatoka na nguo alizokamatwa nazo, nyingine hazimtoshi tena. Laini yake ya simu imeshakufa, na mpya inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Wapo waliokamatwa hata namba hiyo hawana. Bila laini, fundi atamwitaje kazini? Atatumiwaje hela? Anashuka stendi ya Msamvu jioni, hajui kama nyumbani watamfungulia. Wa kwanza kumchangamkia na kumnunulia chipsi ni wale wale wa kijiweni. Ungekuwa wewe ungekwenda wapi?

Basi nendeni mkampokee getini. Tarehe ulizeni gerezani kwenyewe, msihesabu kwa vidole, maana kuna punguzo la theluthi moja ya kifungo, na kuna msamaha wa Rais, ambao mara nyingi hutangazwa 26 Aprili au 9 Desemba. Ndugu wengi hufika mtu ameshaondoka. Wiki hiyo hiyo mpelekeni NIDA kama hana namba, kisha kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, aonekane mchana kweupe. Kuku wa jirani akipotea yeye ndiye atakayetajwa kwanza, kwa hiyo ni vizuri wawe wanamjua kwa sura na si kwa sifa tu.

Muulize pia alipangiwa kazi gani ndani. Ukonga kuna useremala, Karanga kule Moshi kuna kiwanda cha viatu. Magereza mengi ya shamba ni jembe tu. Kama ameshika ufundi, VETA wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunzia kazini. Mnunulieni randa na msumeno, pesa taslimu msimpe kwanza. Mikopo ya halmashauri kwa vijana isikupe matumaini ya haraka: inapitia vikundi, na vijana wenzake hawatakubali kudaiwa pamoja na mtu waliyemsikia kwa wizi.

Kuhusu mumeo, hana kosa. Nyumba ni yake pia, na ugomvi wa chumbani kwenu utamrudisha huyo kijana kijiweni haraka kuliko njaa. Mpangishieni chumba kimoja mtaa mwingine, mbali na wale rafiki zake, kodi ya miezi mitatu mchange wewe na mama. Chakula cha jioni aje ale kwenu, mumeo akiwepo.