Kapasita ya mota hushika umeme hata plagi ikichomolewa

SWALI: Mhariri, ninajifunza ufundi wa mota katika karakana moja hapa Bahati, Kaunti ya Nakuru. Juzi tuliletewa mashine ya kukatia nyasi ya ng'ombe ambayo mota yake, ya fezi moja, ilikuwa ikivuma bila kuzunguka. Tuliichomoa saa tatu asubuhi, nami nikaifungua saa tano. Hata hivyo nilipogusa nyaya za kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi umeme, nilipigwa na stima hadi kiganja kikafa ganzi. Fundi mkuu wetu huziunganisha ncha za kapasita kwa bisibisi, cheche zikaruka, kisha husema kazi imekwisha. Je, njia hiyo ni salama?

JIBU: Pole sana kwa mshtuko huo. Ikiwa bado unahisi maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio, tafadhali nenda hospitali kwanza.

Mota nzima isiyo na kasoro, inaposimama, swichi yake ya ndani hujifunga tena na kuiacha kapasita ya kuwashia imwage umeme wake kupitia koili za mota yenyewe. Lakini mota inayovuma bila kuzunguka mara nyingi ina swichi iliyoungua midomo, au koili ya kuwashia iliyokatika, na hapo umeme ule hukosa njia ya kutokea. Ndiyo maana mafundi wengi hudanganyika: wamezoea mota nzima ambazo hazikuwapiga, ilhali zinazoletwa karakana ndizo zenye kasoro. Baadhi ya kapasita hufungwa resista (kipingamizi cha umeme) ndogo ya kuumwaga pole pole, ila nayo huweza kukatika bila kuonekana kwa macho.

Umeme wetu wa volti 240 hufika kilele cha volti 339 hivi. Kapasita ya mikrofaradi 200 iliyobaki na kiasi hicho ina nishati ya karibu juli 11, na bisibisi huitoa yote kwa mara moja. Cheche hizo huweza kuyeyusha ncha, kurusha vipande vya chuma moto machoni na kuharibu kapasita iliyokuwa nzima. Isitoshe, cheche haikuambii kilichobaki ndani. Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa fundi wako, njia hiyo siwezi kuikubali.

Tumia resista ya kilo-omu 20 yenye uwezo wa wati 5, iliyounganishwa na nyaya mbili zenye vibano vilivyofunikwa kwa plastiki. Zima swichi kuu, chomoa plagi, vaa miwani ya kukinga macho, kisha bana ncha zote mbili bila kugusa chuma chochote, mkono mmoja ukiwa mbali na mashine. Kapasita ya mikrofaradi 200 huhitaji sekunde 20 hivi. Mimi huiachia dakika nzima, kwa kuwa muda huo hauna gharama. Baada ya hapo pima kwa multimita iliyowekwa kwenye volti za DC (umeme wa mkondo mmoja), ukiwa umeijaribu kwanza kwenye betri unayojua ni nzima. Angalia sana hapo, kwani mita iliyosahaulika kwenye AC (umeme wa mkondo geu) huweza kuonyesha sufuri huku kapasita imejaa. Usiguse kitu mpaka usomaji uwe karibu na sufuri.

Jambo moja husahaulika hata na mafundi wazoefu: kapasita iliyomwagwa huweza kujirudishia volti kidogo ikikaa, kwa sababu tabaka lake la ndani la kuhami huachilia pole pole chaji lililoimeza. Ipime tena kabla ya kuendelea, na ile uliyoitoa na kuiweka rafuni ifunge waya mfupi kati ya ncha zake baada ya kuimwaga, hasa ikiwa watoto hupita karakanani.