Ukistaafu ukaulizwa unafanya kazi gani, usijiite mfanyabiashara

Mkuu, futa hilo neno "Mkurugenzi" kabla hujafika nalo benki.

Umesema unatimiza miaka 60 mwaka huu, umeshasajili jina la biashara BRELA, na unauliza uandike nini kwenye fomu ya benki, maana unapendelea "Mkurugenzi", tena useme nini watu wakikuuliza siku hizi unafanya nini. "Mstaafu" hulitaki, unasema linakuzeesha. Waliotangulia kukujibu wamekupongeza. Mimi sikupongezi. Njia unayoingia naijua inakoishia.

Kwanza, jina la biashara halina mkurugenzi. Ni wewe mwenyewe na biashara yako. Wakurugenzi wako kwenye kampuni. Afisa wa benki anayeijua kazi yake atakuomba nyaraka za kampuni, nawe huna. Hilo ni dogo, tuliache.

Mimi ni bwana mifugo. Nilisomea Mpwapwa, nikaanzia vijijini na kumalizia wilayani, nikastaafu 2016 enzi za mfuko wa pensheni wa PSPF, kabla haijaunganishwa na PPF, LAPF na GEPF mwaka 2018 ikawa PSSSF. Wakati ule mkupuo wetu, yaani sehemu ya mafao unayopewa kwa mara moja ukistaafu, ulikuwa asilimia 50. Ninyi mmekutana na ile 33 ya Julai 2022, iliyopandishwa kuwa 40 mwaka 2024. Kwa hiyo mimi nilikuwa na pesa nyingi za kupoteza kuliko wewe, na nikazipoteza.

Kabla sijatoka kazini tulipelekwa semina ya wastaafu watarajiwa. Akaletwa mtoa mada, kijana wa makamo mwenye suti na maiki ya kichwani. Alitusimamisha watu wazima tukarudia kwa sauti: "Mimi si mstaafu, mimi ni mwekezaji!" Akasema mtu akikuuliza unafanya kazi gani, kusema umestaafu ni kujizika. Jitaje unavyotaka kuwa, nako kutakuja. Baadaye akatuuzia kitabu chake mlangoni. Nikimkumbuka hadi leo damu inachemka. Hajawahi kustaafu chochote, hajui mtu aliyeamka alfajiri miaka yote kwenda kuogesha ng'ombe za watu josho anajisikiaje Jumatatu ya kwanza asipokuwa na pa kwenda. Alijua tu kwamba tuna hofu na tunakaribia kulipwa. Na mwajiri aliyemleta alimlipa kwa kazi hiyo!

Nikarudi mtaani Dodoma, nikawa nafanya kama nilivyofundishwa. Mtu akiuliza, "Mzee, siku hizi upo wapi?" najibu, "Nipo kwenye biashara." Sasa sikiliza, maana hapa ndipo unapoelekea. Ukijibu hivyo hakuna anayeishia hapo. Atakuuliza biashara gani. Biashara yenyewe sikuwa nayo, nikasema usafirishaji. Kwa nini usafirishaji? Kwa sababu mwaka ule Rais Magufuli alikuwa ametangaza Serikali inahamia Dodoma, na kila kona watu walikuwa wanapiga hesabu za abiria watakaokuja. Basi. Shemeji yangu akasikia, akaja na dalali. Dalali akaja na Toyota Coaster. Nami nimeshawaambia watu wa kanisani, wa jumuiya na wa kikao cha harusi ya mpwa wangu kwamba mimi ni mtu wa usafirishaji. Nitarudi kuwaambia nini?

Mkuu, gari lile sikulinunua kwa sababu nilikuwa nimepiga hesabu. Nililinunua ili jibu langu liwe kweli.

Kisha benki. Kwenye fomu, sehemu ya kazi, niliandika "mfanyabiashara". Ningeandika "mstaafu" wangenipeleka kwenye mkopo wa wastaafu, ule unaokatwa kwenye pensheni ya mwezi, kiasi chake kinapimwa kwa pensheni yako, na hati ya nyumba inabaki kabatini. Kwa kuwa nilijiita mfanyabiashara, nikapewa mkopo wa biashara kama mfanyabiashara, na dhamana ikawa nyumba ninayolala. Nikanunua Coaster ya pili.

Sikiliza sasa yaliyofuata. Wiki za mwanzo dereva analeta hesabu kamili, jioni, na heshima zote, "shikamoo bosi". Halafu hesabu inaanza kupungua. Leo trafiki, kesho pancha, keshokutwa abiria hakuna. Unapita stendi unakuta gari linaendeshwa na deiwaka usiyemjua, dereva wako yupo nyumbani kwake anapumzika. Mimi ng'ombe mwenye ndigana kali namjua nikimwona tu kwa mbali, amejitenga na kundi, tezi za chini ya sikio zimevimba. Injini inayoelekea kunoki sikuijua hata ilipokuwa inapiga kelele mbele yangu. Ikanoki. Fundi akasema tutafute nyingine iliyotumika. Gari likalala gereji, marejesho ya benki hayalali.

Ili nyumba isipigwe mnada niliuza kiwanja changu cha Ihumwa. Unaijua Ihumwa? Leo ni jirani na Mji wa Serikali, Mtumba. Kile ndicho kilikuwa mali, kimekaa pale kimya bila dereva wala konda, na nilikitoa kwa bei ya kutupa kwa sababu nilikuwa na haraka. Mama watoto hakunitukana. Alisema tu, "Baba, si ungesema umestaafu?"

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na naomba uishike hata kama mengine yote utayatupa: usijitaje kwa kazi ambayo haijawahi kukulisha. Taja kazi uliyoifanya, malizia na "mstaafu", kisha nyamaza. Wewe umesema ulikuwa mpima ardhi. Sema "mpima ardhi mstaafu". Kuna uzee gani hapo? Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, akawa Rais, akang'atuka 1985, amefariki 1999 na nchi nzima bado inamwita Mwalimu. Jaji akistaafu ni jaji mstaafu, askofu ni askofu mstaafu, na tunawapisha viti. Hadhi hiyo mpima ardhi atanyimwa na nani? Atajinyima mwenyewe kwa kukimbilia "Mkurugenzi" wa kitu ambacho hakijauza hata soda.

Na jibu la kweli linaleta riziki, hilo ndilo yule wa suti hakutuambia. Nilipoanza kusema "bwana mifugo mstaafu", watu walianza kuniletea maswali ninayoyaweza. Jirani kuku wanakufa, namwambia mdondo huo, chanja kila miezi mitatu na usisubiri waanze kusinzia. Mwingine ndama wake hanyonyi. Nikahuisha usajili wangu Baraza la Veterinari, sasa nafuga kidogo na kuhudumia mifugo ya watu kata nzima, napata cha kuongezea pensheni. Wewe mtaani kwako watu wanagombania mipaka kila siku. Wakijua ni mpima ardhi watakuita. Wakijua ni Mkurugenzi watakuletea kadi za michango, na kamati za harusi zikisikia neno hilo hazikuandikii kima cha chini.

Siku hiyo biashara yako ikitimiza mwaka, ikilipa kodi ya pango na kodi ya TRA yenyewe bila kugusa mafao, njoo hapa ujiite mfanyabiashara, nami nitakuwa wa kwanza kukuita bosi.

Kwa sasa chukua ile fomu. Kazi: mpima ardhi mstaafu. Chanzo cha mapato: pensheni. Kama umeshaiwasilisha, kesho asubuhi rudi ukaombe mpya, na hati ya nyumba usiibebe. Ukitoka huko leta mrejesho.