Kabla Hamjapanda Lori la Kwenda Elgon

Jumamosi iliyopita nilisimama uani nikiwatazama skauti wapya wakifunga mashanta yao kwa ajili ya mlima Elgon, na katika muda wa nusu saa niliyaona makosa yote niliyoyafanya nilipokuwa na miaka 16 yakirudiwa kwa bidii na furaha kubwa. Mmoja wao alitoa mkeka wake wa sponji ili apate nafasi ya kuweka spika. Nilinyamaza kwa kuwa msimamizi alikuwa akizungumza, lakini sasa hayupo.

Masharti ya beji ya baridi mnayajua: kulala mara mbili kwenye mlima, angalau mara moja juu ya mita 3,000, kujipikia, na kujaza daftari la kambi pamoja na vipimo vya joto vya jioni, usiku wa manane na alfajiri. Wenzetu wa nchi za theluji husubiri majira ya baridi yawafuate nyumbani, ilhali sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta hatuna budi kuifuata baridi iliko, nayo iko juu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto la hewa hupungua takribani nyuzi 6, na kilele cha Wagagai kina mita 4,321. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kuniambia kwamba huku chini mjini Mbale hakuna baridi.

1. Nguo za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni na zisivaliwe mchana, hata mvua iwanyeshee namna gani.

2. Mkeka. Hapa mnivumilie, kwa maana nina deni la kulipa.

Nilikuwa kiongozi wa kikosi cha vijana sita, na cheo hicho kilikuwa kimenipanda kichwani. Tulipofika Budadiri na kuona jinsi njia ya Sasa inavyoinuka kuelekea ukuta wa Mudange, niliamuru mikeka yote sita ibaki kwenye lori, kwa hoja kwamba kila mmoja alikuwa na mablanketi mawili na kwamba tukiwa wepesi tungevitangulia vikosi vingine. Kweli tulivitangulia. Katika kambi ya mto Sasa, mita 2,900, tulilala kwa taabu, nikasema ni uchovu. Usiku wa pili tulikuwa Mude, mita 3,500, mbingu ikiwa haina wingu hata moja, na saa nne kipimajoto kilionyesha nyuzi 3. Tulijifunika yale mablanketi kumi na mawili, mengine tukayatandika, tukabanana kama ndizi kwenye chane, na bado baridi ilitupanda kutoka chini. Sikujua wakati ule jambo ambalo sasa nalirudia mpaka nachosha watu: kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa katika nyuzi za blanketi, na uzito wa mwili ukishaikamua hewa hiyo, blanketi ulilolilalia hubaki kitambaa tu, nayo ardhi ya mlimani haishibi joto la binadamu.

Ilipofika saa nane, mdogo wetu kuliko wote, kijana wa miaka 13, aliacha kutetemeka. Mungu anisamehe, nilifurahi, nikadhani amepata joto, nikageukia upande wa pili. Aliyeng'amua kwamba baridi imemzidi ni mwenzetu aliyelala ubavuni pake, ambaye alimwita kwa jina akajibiwa maneno yasiyoeleweka. Nilitoka mbio bila viatu kumwita askari wa hifadhi: "Afande, tusaidie, mwenzetu anaumwa." Alikuja na tochi, akamshika kijana shingoni, kisha akaniuliza swali moja tu: "Chini mmetandika nini?"

Sikuwa na jibu. Alileta magunia matupu ya wapagazi, akayakunja na kuyatandika kwa unene wa kiganja, akamvua kijana fulana yake iliyolowa jasho na kumvika kavu, akamlaza katikati ya wawili wetu, na alipoweza kushika kikombe mwenyewe akanyweshwa chai ya moto yenye sukari nyingi. Karibu na alfajiri meno yake yalianza kugongana tena, na sijawahi kufurahia mtetemeko wa mtu kama siku ile. Asubuhi tuliteremka bila kuiona Wagagai. Katika daftari langu, mahali pa sahihi, msimamizi aliandika: "Kiongozi aliacha mikeka." Wenzangu wote watano walikosa beji kwa sababu yangu, na mama wa yule mdogo, ambaye sasa hunikaribisha chai, alikaa mwaka mzima bila kuitikia salamu yangu.

3. Acheni fulana za pamba. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na maji hupora joto la mwili takribani mara 25 zaidi kuliko hewa tulivu. Sweta la sufu la mitumba linatosha.

4. Sigiri haiingii hemani, hata kwa dakika mbili, hata ikiwa makaa yanaelekea kuzima. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na anayelala nayo huenda asiamke. Mwaka mmoja nilimwaga maji juu ya sigiri iliyokuwa ndani ya hema huku posho, yaani ugali, ikiwa bado jikoni. Kikosi kizima kilikula posho mbichi na kunichukia hadi Mbale, na hilo sikujali.

5. Kuleni karanga au malewa (machipukizi ya mianzi) kabla ya kulala, kisha nendeni haja ndogo. Mliowahi kujibana hadi alfajiri mnanielewa.

6. Daftari lijazwe palepale, kwa penseli, kwa kuwa karatasi hupata unyevu na kalamu ya wino hugoma. Vipimo vya kubuni tunavitambua: hakuna usiku wa Mude wenye nyuzi 15.

Mwenye spika anione kabla ya Alhamisi. Mkeka wake ninao mimi. Aliuacha chini ya mwembe.